Heroe wa Balangida na Fuko wa Hanang

Mwalimu atakaye kulinganisha ndege wa bahari na mnyama wa shimoni huenda akadhani kwamba wilaya za Mbulu na Hanang, zilizo mbali na pwani, hazina mfano wa kumfaa. Mfano upo. Mtu akishuka kutoka nyanda za juu za Mbulu kwenda kusini hulikuta ziwa Balangida, chini ya mlima Hanang. Maji yake ni ya chumvi, na ziwa likaukapo wenyeji huivuna. Humo hutua heroe mdogo. Kwa ukoo yeye si ndege wa bahari, lakini anacho kiungo kilekile cha shakwe: tezi iliyo juu ya macho, ichujayo chumvi kutoka katika damu na kuitoa puani.

Fuko wa mlimani hanywi maji kabisa. Huyapata katika mizizi na viazi atafunavyo gizani. Huchimba kwa meno, na midomo yake hujifunga nyuma ya meno hayo ili udongo usiingie kinywani. Mkulima aliyekuta viazi vyake vimeliwa kwa chini hamwonei huruma, wala hastahili kulaumiwa.

Tofauti iliyo kubwa zaidi ni ya safari. Ziwa likikauka, heroe huruka usiku hadi ziwa jingine. Tena karibu heroe wadogo wote wa Afrika Mashariki huzaliana katika ziwa moja, Natron. Hivyo damu yao huchanganyika, na Balangida halina heroe wa pekee. Kwa fuko, bonde la udongo usiochimbika ni sawa na bahari. Vizazi vingi vya kutengwa humfanya awe mwingine. Mwaka 2017 wataalamu, miongoni mwao mmoja wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walilinganisha vinasaba wakamtangaza kuwa spishi mpya: Fukomys hanangensis. Jamaa zake wengi wako mbali, Zambia na Kongo.

Heroe wa Balangida wakipungua, wengine huweza kuja kutoka kaskazini, maadamu Natron ni salama. Fuko huyu akimalizwa kwa mitego hapana pa kumtoa mwingine. Shule za Katesh zaweza kuchora ramani ya malundo ya udongo mbichi anayoyasukuma juu, na kuandika kila lundo liko shambani, malishoni au msituni.