Dhahabu ya Nje, Shaba ya Ndani

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme Kariakoo uulizie waya wa HDMI. Muuzaji atakuwekea nyaya mbili mezani. Mmoja ni mweusi, mwembamba, umefungwa kwa kipande cha plastiki. Wa pili umevishwa nyuzi zilizosukwa kama kamba ya viatu, vichwa vyake vinang'aa dhahabu, na bei yake ni mara kadhaa ya mwenzake. "Huu ndio wa picha kali," atakuambia. Kabla hujafungua pochi, tuangalie kinachopita ndani yake.

Ndani ya waya wa HDMI hupita sifuri na moja. Picha ya 4K ina nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo, yaani karibu nukta milioni 8.3. Runinga huweza kuichora upya mara 60 kila sekunde, na kila nukta kwa kawaida huhitaji biti 24 za kutaja rangi yake. Zidisha, utapata biti karibu bilioni 12 kwa sekunde. Ukijumlisha na biti za ziada zinazolinda na kupanga safari hiyo, mzigo unakaribia gigabiti 18 kwa sekunde.

Kazi ya runinga ni kutambua tu: hii ni sifuri, hii ni moja. Ikizitambua zote, picha ni ileile, uwe umenunua waya wa bei ndogo au wa bei ya kutisha. Ni kama ujumbe wa M-Pesa: ukifika umefika, na kiasi kinasomeka sawasawa kwenye simu ya kitochi na kwenye simu ya gharama. Hakuna waya unaokoleza rangi ya bahari wala kung'arisha uso wa mwigizaji.

Waya ukishindwa haufichi. Utaona vinukta vyeupe vikimetameta kwenye kioo, au picha inakatika sekunde mbili kisha inarudi, au giza tupu. Kinachouangusha ni kasi na urefu. Kadiri umeme unavyogeuka haraka, ndivyo shaba inavyoudhoofisha njiani, na kila mita inaongeza hasara. Ndiyo maana waya uliotumika miaka na deki ya 1080p, inayohitaji chini ya gigabiti 5 kwa sekunde, unaweza kukwama siku unapochomeka mashine mpya ya 4K.

Kwa hiyo tazama daraja la waya kabla ya kutazama mng'aro wake. Waya wa "High Speed" ulitengenezwa kwa gigabiti 10 hivi kwa sekunde, "Premium High Speed" kwa 18, na "Ultra High Speed" kwa 48. Daraja hilo la 48 lina lebo maalumu kwenye boksi, ambayo unaweza kuihakiki kwa simu. Kwa king'amuzi na filamu za 4K, waya wa 18 unatosha. Wa 48 ni wa mashine za michezo zinazotoa picha 120 kwa sekunde. Ikiwa njia inazidi mita 5 hivi, fikiria waya wa HDMI unaosafirisha data kwa mwanga. Huo una upande wa kutokea na upande wa runinga. Ukiugeuza, hauonyeshi kitu.

Na ile dhahabu? Shaba nyekundu hupitisha umeme vizuri kuliko dhahabu. Sifa ya dhahabu ni kutoshika kutu, na hilo lina maana Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa ya chumvi hutafuna chuma. Lakini utando mwembamba tu unatosha.

Mahali ambapo waya hupunguza nguvu kweli ni kwenye spika. Huko hakuna sifuri na moja. Ni umeme wenyewe unaosukuma koni ya spika, na ukinzani wa waya hula sehemu yake. Tuseme spika za nyuma ziko mita 10 kutoka kwenye amplifaya. Umeme huenda na kurudi, hivyo shaba inayopitiwa ni mita 20. Kwa waya wenye unene wa milimita za mraba 0.5, ukinzani ni karibu omu 0.7. Spika ikiwa ya omu 4, karibu asilimia 15 ya nguvu inaishia kupasha waya joto. Tumia waya wa 2.5, na hasara inashuka hadi asilimia 3 hivi. Hapa ndipo pesa yako inapofanya kazi.

Sharti iwe shaba kweli. Wasemaji wa Kiswahili tuna uhusiano wa karibu na madini haya: Katanga, kule Kongo, iliitwa rasmi Shaba tangu 1971 hadi 1997. Hata hivyo, niliwahi kununua waya mnene kama kidole cha mwisho nikidhani nimepata. Nilipouchuna, unene ulikuwa wa plastiki. Nyuzi za ndani zilikuwa chache. Nikakwaruza uzi mmoja kwa wembe, wekundu ukatoka, chini yake pakabaki weupe. Ilikuwa alumini iliyopakwa shaba. Alumini ina ukinzani wa takriban mara 1.6 ya shaba, kwa hiyo waya wa namna hiyo lazima uwe mnene zaidi ili ufanye kazi ileile.

Ukishapata waya sahihi, fuata mstari uliochorwa upande mmoja: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Ukikosea kwenye spika moja, koni yake itavuta wakati mwenzake inasukuma, na besi itapotea hata kama umenunua shaba safi.

Basi kabla ya kwenda dukani, pima kwa kamba njia ambayo waya utapita, pamoja na kona zake zote. Kisha nenda na vitu viwili: urefu huo ulioandikwa kwenye karatasi, na wembe.