Kujinyima na Kujikana

Kila mwaka ifikapo Kwaresima, Mkristo huulizwa na jirani yake, "Wewe umeacha nini?" Mmoja ameacha nyama, mwingine tumbako, mwingine pombe. Ni swali jema, lakini si swali lote.

Kwanza habari ya siku zenyewe. Jina hili la Kwaresima latokana na neno la Kilatini lenye maana ya arobaini, kwa ukumbusho wa siku 40 alizofunga Bwana Yesu jangwani. Mwanafunzi hodari wa hesabu atabisha, maana toka Jumatano ya Majivu hata mkesha wa Pasaka atapata siku 46. Asisumbuke. Jumapili 6 zilizomo hazihesabiwi, kwa kuwa kila Jumapili ni sikukuu ya Ufufuko, wala haifungwi. Majivu nayo, kwa desturi, hupatikana kwa kuchoma matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita: tawi lile ulilolipunga kwa shangwe lakurudia jivu katika paji la uso.

Sasa, katika sehemu nyingi za nchi zetu siku hizi huangukia wakati wa kungojea masika au kuanza kwake. Ghala imepungua, na mahindi mapya yangali shambani. Mama anayewapa watoto chakula cha jioni naye akalala na maji tu, tutamwambia aache nini? Swali hili lilinitaabisha kwa miaka mingi. Kanisa Katoliki lenyewe, tangu mwaka 1966, limewalazimisha watu wake kufunga chakula siku mbili tu, yaani Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, tena wagonjwa husamehewa. Basi ni dhahiri kwamba kiini cha jambo hakimo chunguni.

Tutazame lugha yetu, kwa maana yatusaidia sana hapa. Kujinyima ni kukizuia kitu kisikufikie. Bwana Yesu, alipowaita watu wamfuate, alidai zaidi: mtu ajikane. Na kukana ni nini? Petro, alipokuwa akiota moto uani kwa Kuhani Mkuu, alimkana Bwana wake mara tatu, kwa kusema kwamba hamjui. Ajikanaye, basi, huiambia nafsi yake vivyo hivyo. Nafsi yasema, "Mimi nimetukanwa, mimi ni mkubwa hapa, mimi kwanza," naye ajibu, "Sikujui." Tena Luka, katika sura ya 9, ametia neno ambalo Mathayo na Marko hawanalo: msalaba huo wachukuliwa kila siku. Si siku 40.

Kwa hiyo yule mama hana haja ya kutafuta la kuacha. Mwenye duka ndiye atazame kibaba chake, kama chajaa kwa mjane kama kijaavyo kwa karani. Ndugu wawili wenye kesi ya mpaka wa shamba watazame. Nabii Isaya, katika sura ya 58, aliwakemea watu waliofunga huku wakiwaonea vibarua wao, na vibarua wangaliko.

Nisiwanyoshee kidole wengine tu. Mwaka mmoja niliacha sukari katika chai, nami nilijiona mtu wa maana. Juma la tatu mwanafunzi mmoja alichelewa darasani, nikamkemea mbele ya wenzake kwa maneno makali, wala sikumpa nafasi ya kujieleza. Kumbe alikuwa amekwenda kumtekea maji mama yake mgonjwa. Mpishi wetu, mzee asiyejua kusoma, alikuwa amesikia yote dirishani. Jioni akaniletea chai, na bakuli la sukari kando yake. "Mwalimu," akasema, "afadhali uirudie."

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Usiku ule nafsi yangu ilinipa sababu nyingi: mwalimu akiomba radhi, darasa litamdharau, kijana amekwisha kusahau, sheria ni sheria. Asubuhi nilisimama mbele ya darasa lile lile, nikamwomba kijana yule anisamehe. Miguu yangu ilitetemeka. Majuma matatu ya chai isiyo na sukari hayakunitoa jasho kama dakika ile.