Kichaka Chini ya Mti Mkubwa

Somo: 1 Wakorintho 12:12-26



Sisi wa Kware, hapa Embakasi, twajua thamani ya mtungi wa maji wa lita 20. Je, maji hutoka wapi kabla ya kufika mferejini? Maji mengi ya jiji la Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, Murang'a, lililokamilika mwaka 1994. Nalo hujazwa na mito iteremkayo kutoka msitu wa milima ya Nyandarua.

Na tuutazame mteremko huo. Muthaiti na muthengera, miti mirefu ya asili, imesimama juu. Chini yake iko miti midogo, kisha vichaka, kisha majani makavu. Mvua kubwa ikinyesha, matawi ya juu huipunguza nguvu. Lakini tone lidondokalo kutoka mti mrefu bado laweza kuchimba udongo. Vichaka hulipokea, majani makavu hulinywa kama sifongo, na mizizi, mirefu kwa mifupi, huushika udongo. Hivyo maji huingia ardhini polepole, na mito hutiririka hata wakati wa kiangazi. Kichaka nacho hupata kivuli na unyevu; na muthengera mchanga hukua humo humo kivulini.

Katika miaka ya 1990 watu walikata muthaiti mwingi huko na kuchoma makaa. Penye uwazi jua hukausha ardhi, na mvua huchukua udongo na kuupeleka mitoni. Ua wa umeme wa kilomita zipatazo 400 ulikamilika mwaka 2009 ili kuulinda msitu.

Wapendwa, Paulo aufananisha ushirika na mwili. Nasi twauona pia katika mteremko huo. Mhubiri na mzee wa kanisa huonekana kama muthaiti. Lakini yuko mama afuaye nguo za watu, kijana wa kibarua, na mpangaji atakayehama kodi ikipanda. Hao wakitoweka, ni nani atakayejua? Kanisa lililobaki na miti mirefu tu, siku ya msiba au ya moto, udongo wake utachukuliwa.

Juma hili tuulize ni nani hayupo katika benchi letu, kisha twende tukabishe hodi.

Tuombe: Ee Bwana, utufundishe kuhitajiana. Amina.