Alice Cooper na Roki ya Kushtua: Nani Anayesema?

Katika makala haya nakusudia kuzitetea albamu za Alice Cooper, mwanamuziki wa roki wa Marekani, mbele ya wale wanaozihukumu kabla ya kuzisikiliza. Sifichi kwamba mimi ni mpenzi mkubwa wa muziki wake. Lakini mapenzi siyo hoja. Hoja yangu ni ya kifasihi: wengi wanaomlaani wanachanganya msanii na nafsineni, kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akilifanya katika mtihani wa ushairi hakosi kukatwa maksi.

Kwanza tumfahamu. Jina lake la kuzaliwa ni Vincent Furnier, na alizaliwa Detroit mwaka 1948. "Alice Cooper" lilikuwa jina la bendi nzima kabla halijawa lake peke yake. Katika mahojiano bwana huyu humtaja Alice kama mtu mwingine kabisa, maana Alice ni mhusika. Anapakwa rangi nyeusi machoni, anajizungushia nyoka mwilini, na katika maonyesho ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akitenda uovu jukwaani kisha anaadhibiwa mbele ya hadhira. Mara atiwe kwenye kiti cha umeme, mara kitanzini, mara kwenye gilotini, ile mashine ya Wafaransa ya kukatia shingo. Hiyo ndiyo roki ya kushtua: muziki unaotumia hofu na karaha kama fani.

Sasa hebu tujiulize. Bibi anapotamba hadithi na kuigiza sauti nzito ya zimwi, yupo mjukuu anayekwenda kumshtaki bibi kwa kula watu? Hayupo. Mtoto mdogo anajua kwamba anayesema pale ni zimwi. Lakini wimbo "School's Out" uliposhika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1972, Mary Whitehouse, mwanaharakati wa maadili, aliupigia kampeni usichezwe BBC. Mwaka uliofuata mbunge Leo Abse akaitaka serikali imzuie Alice kuingia nchini. Watu wazima hao!

Tuingie ndani ya kazi zenyewe. Albamu ya *Killer* (1971) ina wimbo uitwao "Dead Babies", yaani "Watoto Wachanga Waliokufa". Ukiishia kwenye jina, utatema mate. Ukiusikiliza, utakuta kisa cha mtoto aliyekufa kwa kula vidonge vya aspirini alivyovitoa rafuni, mama yake akiwa hayupo wa kumsikia na baba akiwa mbali na nyumbani. Dhamira yake ni uzembe wa wazazi. Nafsineni anasimulia kifo hicho kwa sauti baridi, kana kwamba hakuna aliyepungukiwa kitu, na ubaridi huo ndio unaotuuma. Hii ni kejeli, tena kejeli nzito. Wimbo ungelia machozi tangu mwanzo, tungelia nao kidogo halafu tukasahau.

Hata hivyo mhakiki hana budi kuwa mkweli. Jukwaani wimbo huohuo uliigizwa kwa Alice kukatakata mwanasesere kwa shoka, kisha yeye akanyongwa. Kwa maoni yangu, hapo fani iliyameza maudhui. Katika santuri mwuaji ni uzembe, kitu ambacho kinaweza kuwa ndani ya nyumba ya kila mtu. Jukwaani mwuaji ni jitu moja la ajabu, likishanyongwa tunarudi nyumbani roho kweupe. Ndiyo maana nasema, anayetaka kumjua msanii huyu aanze na albamu, siyo na picha za maonyesho.

Mfano wa pili ni "Only Women Bleed", yaani "Wanawake Tu Ndio Watokwao na Damu", kutoka *Welcome to My Nightmare* (1975), albamu yake ya kwanza baada ya kuachana na bendi ya awali. Wapo walioamini eti ni wimbo wa matusi kuhusu hedhi. Santuri ya wimbo huo ilipotolewa peke yake huko Marekani, jina likafupishwa, likabaki "Only Women". Kumbe wimbo unamzungumzia mke anayepigwa na mumewe na bado anavumilia. Mwaka 1977 mwimbaji wa kike, Julie Covington, aliuimba upya, ukapendwa sana Uingereza. Bila rangi ya machoni wala nyoka, maneno yalisimama yenyewe.

Je, kila mshtuko una maana? La hasha. *Billion Dollar Babies* (1973) ilishika nafasi ya kwanza Marekani na Uingereza pia, na ina tashtiti nzuri kuhusu fedha na umaarufu. Lakini inafungwa na "I Love the Dead", wimbo wa mtu anayewatamani maiti. Nimeusikiliza mara nyingi nikitafuta ujumbe, sijauona. Hapo tunashtuliwa ili tushtuke, basi.

Albamu ninayoipenda kuliko zote ni *From the Inside* (1978). Furnier alikuwa ametoka kulazwa hospitali ya wagonjwa wa akili kwa sababu ya ulevi, akaandika pamoja na Bernie Taupin, mshairi wa nyimbo za Elton John, kuhusu watu aliokutana nao humo. Ndani yake mna wimbo wa mume anayeogopa kurudi kwa mkewe, hajui atapokewaje sasa. Hakuna shoka wala kitanzi. Kinachotisha ni aibu ya mtu mzima, na mimi hunitisha kuliko gilotini.

Nihitimishe kwa kusema kwamba kipimo cha kazi ya namna hii si kama inatushtua au la. Tuulize ni nani anayesema, na baada ya mshtuko tunabaki na nini. "Dead Babies" unatuachia nyumba zetu wenyewe tuzitazame, wakati "I Love the Dead" hautuachii kitu. Tukikubali wimbo uhukumiwe kwa jina lake tu, wasomaji wenzangu, kesho riwaya nazo zitahukumiwa kwa majalada yake, na sisi wanafunzi wa fasihi hatutakuwa na la kujitetea.