Ukubwa wa Chembe: Kutoka Karasha la Geita hadi Jarida la Kisayansi

Sayansi ya unga na chembe ni tawi la elimu linalochunguza vitu vigumu vilivyogawanyika kuwa vipande vidogo mno: unga wa mahindi, saruji, dawa kabla haijashindiliwa kuwa vidonge, vumbi la barabarani na tope linaloelea ziwani. Yawezekana msomaji akaidhania elimu hii kuwa ya viwanda vya ng'ambo tu. Lakini kusini mwa Ziwa Victoria, hasa upande wa Geita, uliokuwa sehemu ya Mkoa wa Mwanza hadi ulipofanywa mkoa mwaka 2012, wachimbaji wadogo wengi hupata riziki yao kwa kusaga mawe kuwa unga ili wapate dhahabu. Swali lao la kila siku ni swali la sayansi hiyo: je, jiwe lisagwe kwa ulaini gani?

Nguvu ya udogo

Chukua mchemraba wa jiwe wenye upande wa sentimita 1. Jumla ya eneo la nyuso zake ni sentimita 6 za mraba. Ukikatwa kuwa michemraba ya milimita 1, jumla hiyo hufikia sentimita 60 za mraba. Ukisagwa hadi chembe za mikroni 1, yaani sehemu ya elfu ya milimita, eneo hufikia mita 6 za mraba, kama sakafu ya chumba kidogo. Uzito haukuongezeka hata chembe, ila uso ulio tayari kukutana na maji, hewa au kemikali umeongezeka mara elfu kumi.

Udogo hubadili pia mwendo. Mwaka 1851 George Gabriel Stokes alitoa kanuni inayoonyesha kwamba kasi ya chembe ndogo inapozama katika maji hufuata mraba wa kipenyo chake. Punje ya mchanga yenye kipenyo cha mikroni 100 huzama mita 1 kwa muda wa dakika 2 hivi katika maji yaliyotulia. Ile ya mikroni 10 huhitaji saa 3, na ile ya mikroni 1 siku 13 hivi. Ndiyo sababu mchanga hutua karibu na mahali uliposagwa, na tope laini husafiri na mto mpaka ziwani.

Sasa ugumu wa mchimbaji waonekana wazi. Karasha likisaga kidogo, dhahabu hubaki imefungwa ndani ya jiwe. Likisaga mno, vipande vya dhahabu vyenyewe huwa vyembamba hata vikachukuliwa na maji, ijapokuwa dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji. Tena, usagaji wa jiwe kavu hutoa vumbi la silika; chembe zake ndogo kuliko mikroni 5 hivi hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na kuzivuta kwa miaka mingi huleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba ya kuuondoa. Dhahabu iliyopotea hubaki katika mchanga uitwao marudio, ambao huuzwa kwa wenye mitambo ya sianidi. Mara nyingi marudio hayo hubaki pia na zebaki, iliyotumiwa kuikamata dhahabu.

Hofu na kipimo

Zebaki hiyo ilizua hofu kubwa kwamba samaki wa ziwa wamekwisha kupata sumu. Hofu haikupuuzwa, wala haikuaminiwa tu, ilipimwa. Mwaka 1996 J. R. Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na H. Akagi wa Japani walichapisha matokeo ya vipimo vya samaki na vya watu katika jarida la Science of the Total Environment. Zebaki katika samaki waliopimwa ilikuwa ndogo kwa jumla. Hatari iliyo karibu zaidi ni ya yule achomaye donge la zebaki na dhahabu akivuta mvuke wake. Bila kuchapishwa, vipimo hivyo vingebaki katika kabati, na watafiti waliokuja baadaye wasingekuwa na cha kulinganisha.

Njia ya mswada

Wachunguzi wa unga wana majarida yao maalumu. Powder Technology lilianza mwaka 1967. Huko Japani, KONA lilianza mwaka 1983; jina hilo halihusiani na kona ya barabara, bali kwa Kijapani lamaanisha unga. Hutolewa mara moja kwa mwaka, na makala zake husomwa bila malipo katika intaneti.

Mswada ukifika, mhariri hutazama kwanza kama unahusu fani ya jarida na kama una jambo jipya. Kisha huupeleka kwa wahakiki, kwa kawaida wawili au zaidi, wanaoifahamu kazi hiyo. Hao huuliza: sampuli ilichukuliwaje? Chembe zilipimwa kwa njia gani? Kipimo kilirudiwa mara ngapi? Kusema “unga laini” hakutoshi; mwandishi hana budi kueleza ni sehemu gani ya uzito iliyo chini ya mikroni 20, sehemu gani chini ya 100, umbo la chembe, na unyevu wake. Mara nyingi mswada hurudishwa ukarekebishwe. Kurudishwa si aibu. Ni sehemu ya kazi.

Wala ujana si kizuizi. Erasto Mpemba aliona akiwa mwanafunzi wa sekondari kwamba mchanganyiko wa moto uliganda kabla ya ule uliopoa. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne walichapisha vipimo vyao katika jarida la Physics Education. Wanasayansi wangali wanabishana juu ya jambo hilo, na wanaweza kubishana kwa sababu liliandikwa.

Kazi ya shule

Shule iliyo kando ya ziwa yaweza kuanza na tope la ufukweni, chupa ndefu, saa na mizani nyepesi. Koroga tope katika maji, uyaache yatulie, kisha baada ya dakika 5 vuta maji kidogo kutoka kina cha sentimita 10. Kwa kanuni ya Stokes, chembe zilizomo karibu zote ni ndogo kuliko mikroni 20. Zikaushe, uzipime, urudie mara tatu, na uandike joto la maji, kwani hubadili kasi. Mwalimu asiruhusu marudio ya mgodini kuingia maabara, kwa kuwa huenda yana zebaki au sianidi.

Daftari la namna hiyo, likiandikwa kwa uaminifu msimu baada ya msimu, kiangazi na masika, ndilo mwanzo wa makala. Wachimbaji wana ujuzi wao wa kuupima unga kwa vidole, na ujuzi huo ni wa thamani. Lakini vidole havisomeki Dodoma wala Tokyo. Tarakimu husomeka.