Seva Ikiungua, Hasara ni ya Nani?

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo la ghorofa tano lililojaa seva mjini Strasbourg, Ufaransa, mali ya kampuni ya OVHcloud. Hakuna aliyeumia, lakini tovuti zipatazo milioni 3.6 zilizimika. Mwanzilishi wa kampuni, Octave Klaba, aliwashauri wateja waanze kutekeleza mipango yao ya kukabiliana na maafa. Kwa wasiokuwa na mpango, ushauri ule ulikuwa umechelewa. Facepunch, watengenezaji wa mchezo wa Rust, walitangaza kwamba data za seva zao 25 za Ulaya zimepotea moja kwa moja.

Wateja wale walikuwa wakilipa kila mwezi. Walikuwa wakilipia nini hasa? Kwa kawaida mtoa huduma za wingu hujitwisha hatari za jengo, umeme, mitambo ya kupooza na mashine zenyewe. Data, nenosiri, ruhusa za kuingia na nakala rudufu hubaki mikononi mwa mteja, isipokuwa kama amezilipia kando. Mpaka huo nao unahama kulingana na kilichokodiwa. Aliyekodi seva tupu atasasisha mfumo endeshi mwenyewe. Aliyekodi huduma ya barua pepe amepunguziwa kazi hiyo, ila akimwachia mfanyakazi aliyeacha kazi akaunti iliyo wazi, kosa ni lake.

Benki ya Capital One ya Marekani iliyajua hayo kwa gharama kubwa. Mwaka 2019, mdukuzi alichota taarifa za watu wapatao milioni 100 Marekani na milioni 6 Kanada kutoka kwenye hifadhi ya benki hiyo iliyokuwa kwa Amazon. Alipita kwenye kinga iliyopangwa vibaya, akakuta ruhusa pana kupita kiasi. Mwaka 2020 mdhibiti wa mabenki alitoza faini ya dola milioni 80, na aliyetozwa ni benki. Maseneta Ron Wyden na Elizabeth Warren walikuwa wametaka Amazon nayo ichunguzwe, na naona walikuwa na hoja: anayeuza mfumo ambao kosa dogo la mipangilio hufungua ghala zima hawezi kunawa mikono kabisa.

Hata pale kosa linapokuwa la mtoa huduma, malipo hayalingani na hasara. Kwa seva zilizosambazwa kwenye vituo zaidi ya kimoja katika eneo moja, Amazon huahidi upatikanaji wa asilimia 99.99 kwa mwezi. Zikizimika zote kwa saa saba, mteja hupunguziwa asilimia 10 ya bili ya seva hizo, tena akidai mwenyewe. Anayelipa dola 200 atapata punguzo la dola 20. Mauzo yaliyokwama saa zote hizo hayamo kwenye hesabu. Mtandao ulio nje ya uwezo wa mtoa huduma nao haumo. Nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini Mei 2024 na intaneti ikadorora Tanzania na kwa majirani zake, seva za mbali zilikuwa zikifanya kazi bila tatizo, na kwa mkataba wa namna hiyo hakukuwa na wa kudaiwa.

Mahakama wakati mwingine hurudisha mzigo kwa mtoa huduma. Mteja mmoja wa OVHcloud alikuwa amelipia nakala rudufu, na mkataba ulisema zitatengwa na seva kuu. Kumbe zilikuwa palepale, zikaungua pamoja nayo. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliikatalia kampuni utetezi wake na kuiamuru ilipe fidia. Mteja huyo alishinda kwa sababu ahadi ilikuwa imeandikwa.

Mfuko wa pensheni wa UniSuper, Australia, wenye wanachama zaidi ya 600,000, haukuhitaji hakimu ili kurejesha data zake. Mei 2024, kosa la mipangilio upande wa Google lilifuta mazingira yake ya wingu. Huduma zilisimama kwa zaidi ya wiki moja. Lakini mfuko ulikuwa umeweka nakala rudufu kwa mtoa huduma tofauti, na hizo zilisaidia kupunguza hasara.

Huku kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 haimwondolei wajibu anayekusanya taarifa za watu eti kwa sababu amezihifadhi kwenye seva ya mwingine. Shule, SACCOS au zahanati inayotumia huduma hizi itaulizwa yenyewe. Kwa hiyo, kabla hujaongeza mkataba mwaka mwingine, mtake mtoa huduma wako akujibu kwa maandishi nakala zako ziko jengo gani na nani anaweza kuzifuta, kisha chukua nakala moja uirejeshe kwenye mashine nyingine uone kama inafunguka.