Kutoka Katelembo Kwenda Mombasa Kutafuta Kazi

Wahenga walisema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii yamhusu sana kijana atokaye Katelembo, katika Machakos, akabeba mzigo wake mgongoni na kwenda Mombasa kutafuta kazi. Siku mbili za kwanza hulala kwa ndugu yake na kula chakula chake. Siku ya tatu ikifika, mjini hapana jembe la kumpa. Yampasa ajitafutie mwenyewe.

Safari hiyo si jambo jipya kwa Wakamba. Katika karne ya 19 misafara yao ilishuka pwani na pembe za ndovu, ikarudi na nguo na shanga. Kivoi, mfanya biashara mashuhuri wa Kitui, ndiye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, safari ambayo Krapf aliuona Mlima Kenya. Wakamba wengine walijenga kabisa nyuma ya Mombasa, upande wa Rabai na Mariakani, hata mgeni aliweza kusikia lugha ya kwao kabla ya kuiona bahari.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, lakini haikupita katika mji wa Machakos. Kwa hiyo mtu wa Katelembo alitembea kwanza mpaka stesheni, na asiyekuwa na nauli alifuata njia ya Makindu, Mtito Andei na Voi, mwendo wa zaidi ya kilomita 400.

Alipofika Kilindini alikuta kazi ya kibarua, nayo ilikuwa ya siku kwa siku. Meli zikiwa nyingi, watu waliitwa. Zikipungua, walirudi mikono mitupu. Lakini tumbo halingoji meli, wala mwenye nyumba hangoji kodi. Mnamo tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waliacha kazi kwa muda wa siku 12, wakidai mishahara ilingane na bei ya chakula na kodi ya nyumba. Baadaye mishahara iliongezwa, na katika miaka ya 1950 wafanyakazi wa bandari walianza kuandikwa kazi ya kudumu badala ya kibarua. Jambo hilo liliwafaa walioandikwa, lakini mgeni asiyejulikana alizidi kuukuta mlango umefungwa.

Wenye ujuzi walipata njia nyingine. Mutisya Munge wa Wamunyu, katika Machakos, alikwenda Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaona kazi ya wachongaji wa huko. Aliporudi alichonga mwenyewe, na jirani zake wakajifunza. Ufundi huo ulisafiri na Wakamba hadi Mombasa, na mwaka 1963 wachongaji waliunda chama chao cha ushirika huko Changamwe. Mchongaji hakungoja kuitwa langoni. Alikuja na kazi yake mkononi.

Lakini faida kubwa ya safari hizo haikuonekana Mombasa. Ilionekana nyumbani. Katika miaka ya 1930 ardhi ya Machakos ilikuwa imechukuliwa na maji ya mvua hata wataalamu wengi wakaikatia tamaa. Wenyeji, na hasa wanawake katika vikundi vya mwethya, walichimba matuta kwenye miteremko. Fedha zilizotumwa na waliokuwa kazini mijini zilisaidia kununua majembe ya kukokotwa na ng'ombe, miche na mbegu. Mwaka 1994 Tiffen, Mortimore na Gichuki walitoa kitabu kuonyesha kwamba, ingawa watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano kati ya miaka ya 1930 na 1990, ardhi yao ilikuwa imetunzwa vizuri kuliko zamani.

Siku hizi safari ni nyepesi. Treni ya reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, hutoka Nairobi na kufika Mombasa kwa saa chache tu. Lakini bandarini makontena huinuliwa kwa mitambo, na mabega ya kijana hayahitajiwi kama zamani. Nguvu peke yake si cheti.

Basi kijana wa Katelembo anayekusudia kwenda pwani na ajifunze kwanza ufundi mmoja, hata ukiwa mdogo. Na ampashe habari ndugu yake kabla ya kuondoka, asije akamgutusha usiku mlangoni. Na aweke kando nauli ya kurudia, asiiguse, maana aliyekwama mjini hukubali ujira wowote. Akipata mshahara, sehemu yake irudi shambani kabla haijamalizika mjini. Kazi ya mji yaweza kwisha siku moja, lakini tuta lililochimbwa vizuri hushika maji ya mvua mwaka hata mwaka, na mwenye shamba akirudi atalikuta.